Mimi Hulipwa Nikishangaa, Wewe Ndiye Unalipia

Wasee, leo hakuna picha yangu nikiwa nimeachama mdomo. Hakuna "NIMELIA!!!" kwa herufi kubwa na mshale mwekundu. Leo naandika tu, kwa sababu nikiwasha kamera najua uso wangu utaanza kudanganya kabla mdomo haujasema kitu. Umezoea.

Kazi yangu mnaijua. Kampuni ikitoa video ya gemu ambayo haijatoka, mimi nawasha taa ya duara, navaa hedifoni, naitazama mbele yenu na kushangaa. Kitu kikilipuka, naruka. Mhusika akigeuka na nywele zipepee, naweka mikono kichwani. Mwisho nasema "manze, hii itakuwa noma" na kuwaambia mbonyeze kengele. Nimefanya hivyo miaka mitatu, na nimefanya vizuri, kwa sababu kodi inalipwa.

Sasa leo nataka kusema kitu ambacho kitaniuma mfukoni: hiyo kazi, vile tunaifanya, ni ya udanganyifu. Na anayedanganywa ni wewe unayesoma hapa, mwenye miaka 16 au 20, unayeweka mia mia mpaka zifike elfu tisa.

Acha nianze na siri ya kwanza. Mnajua ile video inayoanza na "sijaitazama bado, tuione pamoja kwa mara ya kwanza"? Uongo. Hiyo ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kitandani na simu, trela ilipotoka tu. Mara ya pili nilikuwa na kalamu, naandika ni dakika gani nitaruka na ni sekunde gani nitanyamaza kama nimeona malaika. Mara ya tatu ndiyo mliyoiona. Yaani mlikuwa mnatazama mshangao uliopangwa, juu ya video iliyopangwa, ya gemu ambayo hakuna mtu wa kawaida amewahi kuishika.

Na si mimi peke yangu. Uliza yeyote anayefanya kazi hii akiwa hana kamera mbele yake. Atacheka kwanza, halafu atabadilisha stori.

Kama umewahi kupanda mat tao jioni, unaujua ule mchezo. Makanga anaita "mbili za mwisho, mbili za mwisho!" Unachungulia, unaona vichwa vimejaa, unaingia mbio. Ukishakaa, wale "abiria" watano wanashuka mmoja mmoja na kwenda kujaza gari la nyuma. Walikuwa wamekaa pale ili wewe uone gari liko karibu kuondoka. Wamepewa kitu kidogo. Wewe unabaki ndani nusu saa, umekumbatia begi, ukijiuliza ulikuwa unaharakisha nini.

Sisi watu wa kuriakti ndio wale abiria wa kujaza. Tunakaa ndani ya gemu tusiyoicheza ili ionekane imejaa. Ukishalipa, tunashuka na kwenda kwa trela ingine. Tofauti ni kwamba wale wa stejini angalau wanalipwa na mwenye gari. Sisi kampuni hata haitujui. Tunalipwa shilingi chache za matangazo ya YouTube kwa kila watazamaji elfu, tunamfanyia tajiri kazi ya kuuza bure, na bado tunajiita mashabiki.

Nilijua hii maneno kitambo. Lakini kujua na kuumwa ni vitu viwili tofauti. Mwenye aliniumiza ni kijana mmoja wa mtaa wetu.

Alikuwa kidato cha tatu. Likizo ile alikuwa anaosha magari na mjomba wake, wiki tatu mfululizo, viatu vimelowa kutoka asubuhi mpaka jioni. Nyumbani wana PS4 moja ya mkono wa pili, yeye na kaka yake. Kuna gemu nilikuwa nimeifanyia video na kusema maneno haya, nayakumbuka: "Hii usikose siku ya kwanza." Jina la gemu silitaji, kwa sababu sehemu hii ya stori ni dhambi yangu, si yao. Kijana alienda tao akalipa 8,500 kabla haijatoka. Alilipia ahadi.

Ilipotoka, kwa ile PS4 yake ilikuwa aibu. Picha zinakatika. Watu wanazama ardhini hadi kiunoni. Gari linakwama hewani. Kila baada ya muda gemu inajizima na kukurudisha mwanzo. Mimi kwangu nilikuwa nimetazama ile trela kwa kompyuta ya rafiki, na trela yenyewe ilirekodiwa kwa mashine ya nguvu kushinda zote mbili.

Alikuja kunitafuta. Hakunitusi, na ningependa angenitusi. Aliuliza tu:

"Brathe, ile gemu, wewe uliicheza?"

"Zii. Si ilikuwa haijatoka."

"Sasa ulijuaje ni noma?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "trela ilikuwa noma," na nikasikia vile sentensi hiyo inanuka. Akasema "sawa" na kwenda. Duka liliichukua tena kwa 4,000. Alipoteza 4,500, karibu nusu ya jasho lake. Nilienda kuangalia hesabu ya ile video yangu: iliniletea kama 1,200. Piga hesabu mwenyewe. Kijana alipoteza 4,500 ili mimi nipate 1,200. Hata mwizi wa simu ana faida nzuri kushinda hiyo.

Sasa msidhani ni bahati mbaya ya gemu moja. Huu ni mtindo, na ungekuwa mtu ungekuwa na kitambulisho tayari. Mwaka 2005, kwa maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony ilionyesha trela ya Killzone ya PS3. Dunia ikachanganyikiwa, watu wakaamini hiyo ndiyo PS3 inaweza. Baadaye ikajulikana kuwa ile ilikuwa filamu iliyochorwa kwa kompyuta, si gemu inayochezwa. Killzone 2 yenyewe ilitoka Februari 2009.

Mwaka 2012, E3 tena, Ubisoft ikaonyesha Watch Dogs. Mvua, upepo, mwanga wa barabarani ukicheza kwa koti la jamaa. Ilipotoka Mei 2014, mengi ya yale yalikuwa yamepungua. Halafu wachezaji wa kompyuta wakachimba ndani ya faili za gemu na kukuta baadhi ya ule urembo wa 2012 bado umelala humo umezimwa, wakauwasha. Kampuni ikajieleza kuwa ilizima vitu hivyo ili gemu iende vizuri kwa mashine zote. Sawa, inawezekana. Lakini kama mashine zetu hazingeweza, kwa nini ndicho mlichotuonyesha?

Aliens: Colonial Marines ilitoka Februari 2013, na tofauti kati ya maonyesho yake na gemu yenyewe ilikuwa kubwa mpaka mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ikaingilia. Sega ilikubali kwamba zile trela hazikuonyesha sawasawa kile kilichouzwa, na ikakubali kuweka maandishi ya tahadhari. Baada ya watu kununua, lakini.

Halafu kuna Cyberpunk 2077, ambayo kizazi chetu hakiwezi kuisahau. Agosti 2018, CD Projekt Red ya Poland iliweka video ya dakika 48 ya gemu ikichezwa. Dakika 48! Tuliitazama kama mechi ya fainali. Januari 2021, Bloomberg iliripoti, kwa kuzungumza na watu waliofanya kazi humo, kwamba ile demo karibu yote ilikuwa imeundwa kwa ajili ya maonyesho. Mkuu wa studio alipinga hadharani, akisema demo ya miaka miwili kabla ya gemu kutoka ni jaribio la maono. Chagua unayemwamini. Lakini hili halina ubishi: kabla ya kutoka Desemba 10, 2020, waandishi wa kutathmini magemu walipewa nakala za kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Mwenye PS4 hakuona PS4 yake mpaka alipolipa. Siku nane baadaye Sony ikaiondoa gemu dukani kwake na kukubali kurudisha pesa, na ikaikubali tena Juni 2021 tu.

Kuna kesi ilienda mahakamani Marekani kuhusu hiyo gemu, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.85 kuimaliza. Unajua nani waliishtaki? Wenye hisa. Watu waliolalamika kwamba hisa zao zimeshuka bei. Fikiria hapo kidogo.

Na ukitaka ile mbaya kabisa, ni The Day Before. Kwa muda ilikuwa kati ya gemu zinazosubiriwa zaidi kwa Steam. Mapema 2023 walitoa video ya kama dakika 10 ya gemu ikichezwa: mji mkubwa, mazombi, dunia wazi ya kuishi na maelfu ya wachezaji wengine. Ilitoka Desemba 7, 2023, na waliofika ndani hawakukuta ile dunia walioahidiwa. Desemba 11, studio ikatangaza inafunga. Siku nne! Kuna maziwa ya pakiti yanakaa kwa friji kushinda hapo. Waliolipa walirudishiwa pesa, na Januari 2024 seva zikazimwa. Zile video za kuriakti hazikufutwa. Watu bado wameachama midomo humo.

Sasa elewa jinsi kitu hiki kinatengenezwa, maana ukielewa hutadanganyika rahisi. Miezi mingi kabla ya gemu kuisha, studio huchukua kipande kimoja, tuseme mtaa mmoja na nyumba moja, na kukipiga msasa mpaka king'ae. Mlango unaofunguka ni ule mmoja. Adui anatokea pale pale kila wakati. Anayecheza amefanya mazoezi kama mtoto wa tamasha la shule. Angegeuka kushoto badala ya kulia, pengine angekuta ukuta mtupu. Wafanyakazi waliofanya kipande hicho ni mafundi wa kweli, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini wewe hununui kipande. Unanunua nyumba nzima, na nyumba nzima bado ni mashimo ya msingi.

Ni kama yale mabango ya apatimenti tunayopita kwa barabara kuu. Bwawa la kuogelea, miti, mama na mtoto wanacheka, mbwa mweupe. Unalipa wakati bado ni shamba la nyasi. Ukihamia, bwawa ni tangi la maji na mbwa ni wa jirani, na anauma. Mzazi wako hawezi kulipia bango bila kwenda kukanyaga udongo. Basi wewe kwa nini unalipia trela?

Hapo najua mtu ashaanza kuandika, "Si kampuni ndizo zina makosa, kwani sisi tumefanya nini?" Tumefanya. Hebu sikiza.

Septemba 2022, video kama 90 za GTA VI ziliibwa na kuwekwa mtandaoni. Ilikuwa gemu ya kweli, ikiwa katikati ya kujengwa: kuta bila rangi, maandishi ya wajenzi kila mahali, watu wanatembea kama roboti. Kuiba ni kuiba, sitetei. Lakini kumbuka vile tuliipokea. Watu walicheka. "Hii ndiyo GTA ya miaka yote hiyo? Michoro gani hii?" Watengenezaji wa magemu mengine, wakiwemo wa Control, wakaanza kuweka video zao za siku za mwanzo ili kutuonyesha kwamba kila gemu nzuri ilipitia hapo.

Yaani mara moja tu tulionyeshwa ukweli, na tukautemea mate. Halafu Desemba 2023 trela rasmi ya GTA VI ikatoka, safi kama bibi harusi, na kwa siku moja ikapata watazamaji zaidi ya milioni 90 YouTube. Sasa wewe ungekuwa mkuu wa kampuni, ungeonyesha gani? Tumewafundisha wenyewe. Tunalipa urembo kwa makofi na ukweli kwa kejeli, halafu tunashangaa tukipakwa poda. Na waliofundisha kwa sauti kubwa zaidi ni sisi wenye kamera, maana trela ya kweli, yenye jamaa akifungua droo na kusubiri dunia ijipakie, haina mahali pa kuruka. Haina picha ya mdomo wazi.

Trela ya pili ya GTA VI ilitoka Mei 2025. Rockstar walisema ilirekodiwa kwa PS5, nusu ikiwa ni gemu ikichezwa na nusu ikiwa sinema za ndani ya gemu. Nawapa heko kwa kusema ni mashine gani. Lakini nirudie swali: nusu gani? Nilitazama ile trela mara nyingi na sikuweza kuwaonyesha mahali moja inaishia na ingine inaanza. Bado nilipiga kelele kama nimeishika mkononi. Tarehe ilikuwa 2025, ikasogezwa hadi Mei 26, 2026, ikasogezwa tena hadi Novemba 19, 2026. Sisemi itakuwa mbaya. Inaweza kuwa gemu kali kushinda zote tulizowahi kucheza. Ninachosema ni kwamba mimi sijui, wewe hujui, na mwenye anakuambia anajua anataka kitu kutoka kwako.

Tusikize upande ule mwingine sasa, maana si wote ni wajinga.

Wa kwanza anasema, "Wacha watu wafurahie. Maisha ni magumu, trela ni burudani." Nakubali kabisa. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto, kusubiri gemu kulikuwa kutamu kushinda gemu. Tazama trela. Itazame mara kumi na marafiki, mbishane mpaka usiku. Furaha haina shida. Shida inaanza furaha inapogeuka ushahidi, pale ninaposema "ni noma" badala ya "inaonekana noma". Hilo neno moja lina thamani ya 4,500. Nina risiti.

Wa pili anasema, "Lakini Cyberpunk ilirekebishwa. No Man's Sky pia." Kweli. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 ikiwa imepungukiwa na mengi ambayo watu walitarajia, na kwa miaka imeongezwa bure mpaka sasa inapendwa. Cyberpunk ya baada ya Septemba 2023 ni gemu tofauti kabisa, na nzuri. Nawaheshimu kwa kutotoroka. Lakini uliza nani alilipia ule ujenzi. Ni wale wa siku ya kwanza. Walilipa bei kamili kwa kitu nusu, na pesa yao ikajenga kile ambacho wewe umenunua baadaye kikiwa kimeshushwa bei na kimekamilika. Hiyo stori ya kurekebishwa inathibitisha maneno yangu: mwenye kungoja hupata gemu bora kwa pesa kidogo.

Wa tatu anasema, "Sheria itatulinda." Zii, kaka. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na inakataza kumweleza mnunuzi mambo ya uongo. Nzuri. Lakini wewe uko Umoja, studio iko Montreal, pesa ni elfu tisa. Wakili atakula nauli tu. Na hata kule kwenye mamlaka yenye meno si kila mara mnunuzi anashinda: ile mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilichunguza matangazo ya No Man's Sky baada ya watu kulalamika, na ikaamua hayakuvunja kanuni. Kinga yako ya kweli ni kidole chako kabla hakijabonyeza namba ya siri ya M-Pesa.

Wa nne ni mwenzangu wa kamera. Huyu ananipigia simu. "Buda, ukiacha kuhaipu, tutakula nini?" Hili ndilo swali gumu, na sitajifanya shujaa. Video yangu ya utulivu hupata watazamaji wachache kushinda ya kelele. Nimejaribu mara mbili, nimeona. Algoridhimu inapenda mdomo wazi. Lakini wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa sisi tumekuwa miguu ya kibaya. Tunakitembeza mtaa kwa mtaa. Na siku watu watatuchoka wote kwa pamoja, si kampuni itakayofunga, ni sisi. Mtu akidanganywa na bango, halaani bango. Anamlaani jirani aliyemwambia "nenda, ni poa".

Basi nifanye nini? Nimejiwekea sheria, na nawapa ruhusa mnishike nazo shati.

Moja. Sitasema tena "mara ya kwanza" kama si mara ya kwanza. Nikiwa nimeitazama kitandani, nitasema nimeitazama kitandani.

Mbili. Kabla sijashangaa nitauliza mambo matatu kwa sauti: Nani alikuwa ameshika kontrola? Ni mashine gani ilirekodi? Na yale maandishi madogo chini ya skrini yanasema nini? Mara nyingi jibu limeandikwa pale chini kwa herufi za kuumiza macho, na mimi nilikuwa nayaziba na uso wangu. Kweli kabisa, ile sehemu uso wangu hukaa ndiyo sehemu maandishi hukaa. Nitauhamisha.

Tatu. Sitamwambia mtu yeyote alipie gemu kabla haijatoka. Hata moja. Hata GTA VI. Nakala za kidijitali haziishi kama unga dukani. Zitakuwepo kesho, na keshokutwa pia.

Nne. Nitatumia ule muda kwa vitu ambavyo mtu anaweza kushika. Kuna studio huachilia demo ya bure kabla ya gemu, unacheza mwenyewe. Resident Evil 4 mpya ilifanya hivyo Machi 2023, wiki mbili kabla ya kutoka, na haikuwa na kikomo cha muda. Steam huwa na tamasha la Next Fest, wiki nzima ya demo za bure kwa mamia. Hizo nitacheza mbele yenu, kwa kompyuta yangu mbovu, na mtaona ikihangi kama itahangi. Studio inayokupa kontrola ina kitu cha kuuza. Inayokupa video tu, ngoja kwanza.

Na wewe, nakuomba vitu vidogo. Gemu ikitoka, ngoja wiki mbili. Tafuta video ya mtu mwenye mashine kama yako, si ya jamaa wa California mwenye kompyuta ya laki tano. Kama mtaani kuna jamaa wa PlayStation za kulipia, nenda na mia yako uicheze pale kwanza. Mia ikipotea hutaumwa. Ukinunua kwa Steam, kumbuka unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama umecheza chini ya saa mbili, kwa hivyo zile saa mbili za kwanza uwe macho, usizimalize kwa kuchagua nywele za mhusika. Na ukiniona mimi au mwingine yeyote akiruka mbele ya trela, muulize lile swali la yule kijana. Muulize hapo hapo, mbele ya watu.

Kijana mwenyewe bado tunaonana. Wiki iliyopita nilimpata nje ya duka na marafiki zake, wanatazama trela mpya kwa simu moja, vichwa vinne juu ya kioo kilichopasuka. Mmoja akaruka, "Aki hii lazima tununue!" Yeye akaniangalia, akatabasamu kidogo, akamgeukia rafiki yake.

"Umeicheza?"

Rafiki akasema hapana.

"Basi tulia."

Nami nikarudi nyumbani kuandika haya. Nadaiwa naye 4,500, na kidogo kidogo nitazilipa. Hilo halihitaji kamera.